Aliyeitwa chini ya mwembe

Mama alianza kwa kumwaga maji. Maji ya mtungi, kwenye kikombe cha bati, aliyamwaga polepole juu ya mizizi ya mwembe, pale pale mtoto alipoangukia siku tatu nyuma. Kisha akainama, akapiga ardhi kwa kiganja mara tatu kama mtu anayebisha hodi, akaita jina.

"Inuka, twende nyumbani. Magharibi hii, usilale huku nje."

Mwanangu, miaka sita, alikuwa amesimama ubavuni pake, khanga ya bibi yake imemfunika mabega. Mimi nilikuwa kizingitini, nimekunja uso.

Mtoto si huyo hapo? Sasa anamwita nani?

Tulikuwa tumeshampeleka hospitali. Hakuvunjika, hakuvimba popote, kichwa salama. Ila tangu aanguke alikuwa kimya. Chakula anakigusa tu, usiku anashtuka na kulia bila kuamka. Mama alimtazama siku mbili, ya tatu akasema, "Huyu hajarudi mzima. Kuna kilichobaki kule chini." Nilimjibu vibaya, jambo ambalo bado linaniuma. Hakubishana nami. Alisubiri jua lilegee, akachukua kikombe chake.

Usiku ule mtoto alikunywa uji bakuli zima, akaomba mwingine.

Angepona tu, nilijiambia. Watoto ndivyo walivyo. Lakini niliporudi Dar swali lile lilinifuata hadi kwenye daladala: anamwita nani? Nikaanza kusoma usiku, na nia yangu, niseme kweli, haikuwa nzuri. Nilitafuta kitu cha kumwonyesha Mama kwamba alichofanya ni mazoea ya Pangani tu, hakina mashiko popote.

Nikaangukia Mexico.

Shali inayofagia ardhi

Kusini mwa Mexico, jimbo la Chiapas, kuna milima yenye baridi ambako Wamaya wanaosema Kitsotsil wana mji uitwao Zinacantán. Mwaka 1957 mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Evon Vogt, alianza kufanya utafiti huko, na kazi hiyo ikaendelea kwa miaka mingi. Katika aliyoyaandika kuna kitu kidogo kilichonifanya niweke simu chini.

Mama wa Zinacantán akiwa ameketi mahali na mtoto mchanga, akitaka kuondoka, hufagia ardhi kwa shali yake. Anakusanya. Roho ya mtoto mchanga haijashikamana vizuri na mwili, na kipande chake kinaweza kubaki pale walipokuwa wameketi.

Nimewaona wanawake wangapi wakiinuka kwenye mkeka na kukung'uta khanga? Sidai ni jambo moja. Nasema tu kwamba mkono ule niliuona.

Roho hiyo wanaiita *ch'ulel*. Inakaa moyoni, inatembea katika damu, na ina sehemu 13. Mtu akianguka, akiogopa ghafla, akikutana na jambo zito njiani usiku, sehemu moja au zaidi hutoka na kubaki pale. Mwili unaendelea kutembea, ila umepungua. Ndipo anapoitwa mganga, *j'ilol*, maana yake "anayeona". Hushika kifundo cha mkono wa mgonjwa na kusikiliza mapigo, kwa kuwa damu inasema na yeye anaielewa. Damu ikimwambia ni mahali gani, kazi inayobaki ni kuiita roho irudi kwa mwenyewe.

Nilisoma hayo saa saba usiku. Nilikuwa nimetafuta silaha dhidi ya Mama, nikampata shahidi wake.

Neno linalokataa kuhama

Nilitaka kumsimulia mke wangu asubuhi, nikakwama kwenye neno la kwanza kabisa. Nimesema "roho" hapo juu kwa sababu lazima niseme kitu.

Madrasa tulifundishwa kwamba roho ni siri ya Mwenyezi Mungu. Inaingia, inakaa, inatolewa. Ni moja, haina vipande. Lakini sikiliza tunavyozungumza tukiwa jikoni. Mtu ana roho mbaya. Roho imenidondoka. Ameniweka roho juu. Ukikabwa shingoni, umekabwa roho, kana kwamba roho ni koo lenyewe. Mzee akizimia tunasema roho imeruka, akizinduka tunasema imerudi. Ilikwenda wapi katikati, hatuulizi. Moyo nao unasema mambo yake, nafsi inataka yake, na mtu anaweza kusutwa na nafsi yake kama anayesutwa na jirani.

Kinywa chetu cha kila siku kinajua kwamba mtu si mmoja ndani yake.

Wamaya wa Yucatán, kaskazini zaidi, nao wana maneno zaidi ya moja. *Pixan* ni roho ya marehemu, ile inayoandaliwa chakula mwanzoni mwa Novemba katika sikukuu ya Hanal Pixan, yaani chakula cha roho. Kuna pia *óol*, na hapo mfasiri ataumia kichwa: ni moyo wa hisia, ari, hali ya mtu. Mtu akifurahi husema óol yake imefurahi. Chini ya kitovu, waganga wao hupapasa kitu kinachodunda kiitwacho *tip'te'*. Kikihama mahali pake, mtu mzima anaugua, na hukandwa tumbo mpaka kirudi.

Kurudi tena. Kila nilipofungua ukurasa, kuna kitu kimetoka mahali pake na kuna mtu anakirudisha.

Usiku niliotaka kuacha

Wiki ya pili nilijikuta nafurahi kupita kiasi. Kila kitu kilifanana na kwetu. Na furaha ya namna hiyo ina hatari yake, maana mtu anayetafuta kioo hataona dirisha.

Kilichonizindua ni *wahy*.

Mwaka 1989 wasomaji wa maandishi ya kale ya Wamaya, Stephen Houston na David Stuart, na Nikolai Grube kwa njia yake, waliisoma alama moja: uso wa mfalme uliofunikwa nusu kwa ngozi ya jagwa, chui wa nchi zile. Sauti yake ni *way*, shina lenye maana ya kulala na kuota. Ghafla vyombo vya udongo vilivyochorwa viumbe vya ajabu vikapata maelezo. Chombo maarufu kutoka Altar de Sacrificios, Guatemala, chenye tarehe ya mwaka 754, kiliwahi kuelezwa kuwa kinaonyesha wageni waheshimiwa waliohudhuria mazishi. Alama iliposomwa, wageni wale wakageuka kuwa wahy.

Mwanzoni walielezwa kama wenza wa roho. Nami niliridhika, kwa sababu kule Zinacantán kila mtu ana mnyama wa porini aliyezaliwa pamoja naye, *chanul*, wanaoshiriki roho moja. Wahenga huwatunza wanyama hao katika mazizi ndani ya mlima: jagwa huku, mbweha kule, wadogo kama kindi pembeni. Mnyama akitoroka na kujeruhiwa, mwenzake nyumbani anaumwa. Ni picha ya kupendeza, mtu kutunzwa mlimani na babu zake.

Lakini wahy wa karne ya 8 si wanyama wa kupendeza. Wamo mifupa inayocheza ngoma, jagwa wanaowaka moto, viumbe vyenye macho yaliyotolewa. Baadhi ya majina yao ni majina ya magonjwa na kifo. Stuart na wenzake baadaye walionyesha kwamba hawa ni nguvu za kudhuru, na kila mmoja ametajwa kuwa wa ufalme fulani. Kwa lugha yetu ya pwani, hii ni habari ya wenye majini yao ya kutuma, na waliokuwa nayo ni watawala.

Basi roho ile ile inayoweza kutoka kwa hofu ina jamaa zake wanaotoka kwa makusudi, usiku, kwenda kula watu.

Nilifunga kompyuta. Kati ya chombo kile na shali za Zinacantán ipo miaka 1,200, upo utekaji wa Wahispania, lipo Kanisa, na misalaba imesimama chini ya kila mlima mtakatifu. Nilikuwa nimeshona kitambaa kimoja kutokana na vipande vya zama na watu mbalimbali. Nilikaa siku kumi sisomi.

Nyama ya mahindi

Aliyenirudisha ni unga.

Jumamosi moja nilikwenda kusaga dona. Mashine inanguruma, kijana wa mashine nyusi zote nyeupe, unga moto unaniangukia mikononi ndani ya mfuko. Nikakumbuka nilichosoma mapema na kukipita haraka.

Wakiche, Wamaya wa Guatemala, wana kitabu cha asili yao, Popol Vuh. Nakala tuliyo nayo iliandikwa na padri Francisco Ximénez huko Chichicastenango mwanzoni mwa karne ya 18, na leo imehifadhiwa katika maktaba ya Newberry, Chicago. Humo waumbaji wanajaribu kumtengeneza mtu na kushindwa. Mtu wa udongo analowa na kumomonyoka. Mtu wa mti anasimama, anasema, anazaa watoto, lakini hana damu, na ndani mwake hamna kitu. Hamkumbuki aliyemuumba. Gharika inamshukia, na vyombo na wanyama wake wa nyumbani vinamgeukia: vyungu, mbwa, mawe ya kusagia, vyote vinamlipiza. Mabaki yake ni nyani.

Kisha yanaletwa mahindi, ya njano na meupe, kutoka mahali paitwapo Paxil. Bibi Xmucane anayasaga mara tisa. Unga ule unakuwa nyama ya watu wanne wa kwanza, na maji yanakuwa damu.

Bibi anasaga, mtu anapatikana. Nilisimama pale mashineni nikiwa na mfuko wa moto mikononi, nikaona kwa nini nilikuwa nimepotea. Nilikuwa natafuta roho kama kitu kilichowekwa ndani ya mwili, kama maji ndani ya mtungi, halafu nikishangaa kwamba mtungi unavuja. Katika habari hii hakuna mtungi. Mwili wenyewe ni chakula kilichosagwa na mkono wa mtu. Mtu wa mti hakushindwa kwa kukosa umbo, umbo alikuwa nalo. Alishindwa kwa kukosa damu na kumbukumbu.

Na Zinacantán, walipomweleza Vogt ni vitu gani vina ch'ulel, mahindi yalikuwamo. Maharage pia, chumvi, nyumba, ala za muziki.

Hili la nyama ya mahindi linaonekana hata kwenye mifupa. Mahindi huacha alama ya kaboni tofauti na mimea mingine mingi ya msituni, na wanasayansi waliopima mifupa kutoka mapango ya kusini mwa Belize walikuta kwamba kiasi cha miaka 4,000 iliyopita mahindi yalikuwa tayari chakula kikuu cha watu wa pale. Wazee wa Kikiche wakisema sisi ni mahindi, mifupa inakubali.

Nasi je? Mahindi ni mgeni kwetu. Yalitoka huko huko Mexico, yakafika Afrika Mashariki baada ya Wareno kuanza kupita katika bahari yetu, nasi tukayaita mahindi kana kwamba yametoka India. Leo Mtanzania asipokula ugali anasema hajala. Wao walituletea mbegu bila kutujua. Hawakupata nafasi ya kutuambia imani iliyokuja nayo.

Iko sehemu moja ya Popol Vuh ninayoirudia. Watu wale wanne waliona kila kitu, mbali na karibu, mbinguni na ardhini, na waumbaji wakaogopa. Basi macho yao yakafifishwa, kama kioo kinavyofifia kikipuliziwa pumzi.

Pumzi kwenye kioo. Ndiyo maana hatuoni vizuri.

Maua meupe

Kwa Wamaya wa kale pumzi ilikuwa kitu cha kushikika karibu. Mtukufu akifa, maandishi yao hayasemi tu amekufa. Yanasema pumzi yake ya ua jeupe imekwisha. Pengine husema *och bih*, ameingia njiani.

Njia hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye ukingo wa jeneza la mawe la K'inich Janaab Pakal, mfalme wa Palenque, mji wa kale wa Wamaya huko Chiapas. Alitawazwa mwaka 615 akiwa na miaka 12, akafa mwaka 683 akiwa na miaka 80. Mwaka 1952 Alberto Ruz Lhuillier alilifikia kaburi lake, chini kabisa ya Hekalu la Maandishi, baada ya miaka ya kuondoa vifusi kwenye ngazi. Mfalme alikuwa amefunikwa uso kwa barakoa ya jedi, jiwe la kijani walilolithamini kuliko dhahabu. Mkono mmoja umeshika jedi ya duara, mwingine jedi ya mraba, na mdomoni iko jedi.

Mtawa Diego de Landa, ambaye mwaka 1562 alichoma vitabu vyao huko Maní, ndiye huyo huyo aliyetuachia maelezo kwamba watu wa Yucatán walijaza kinywa cha maiti mahindi yaliyosagwa pamoja na vijiwe vya thamani, wasikose chakula kule waendako. Kumsoma mtu huyu ni mateso. Unamhitaji, na unajua alichokifanya.

Kutoka kaburini mwa Pakal, kando ya ngazi, linapanda bomba jembamba la mawe hadi sakafu ya hekalu juu. Walijaza ngazi zote vifusi, wakafunga milango, lakini bomba waliliacha wazi.

Baba yangu alipofariki, mimi ndiye niliyeshika miguu yake alipokuwa akioshwa. Pamba, sanda, udi. Mdomoni hatukuweka kitu. Lakini nakumbuka Mama, kabla hajatolewa, aliinama akasema naye sikioni, maneno marefu, bila haraka. Shangazi alitaka kumvuta, mjomba akasema mwacheni.

Jina

Sasa nifike ninapoogopa kufika.

Maneno ya kale ya Wamaya yana *baah*. Ni kichwa, ni uso, ni sura, na katika lugha zao nyingi shina hilo ndilo linalosema "mwenyewe". Sanamu ya mfalme kwenye jiwe inaitwa baah yake. Jiwe lile si picha ya kumkumbukia. Ni yeye, kwa namna fulani yupo pale. Ndiyo maana maadui walipoteka mji walivunja macho na pua za sanamu. Walikuwa wanamjeruhi mtu.

Na jina nalo linakaa hivyo hivyo. Zaidi ya miaka 100 baada ya Pakal kuingia njiani, mwaka 799, alitawazwa mtu mwingine Palenque akiwa na jina la Janaab Pakal. Ndiye mtawala wa mwisho wa mji ule tunayemjua. Watsutuhil, Wamaya wengine wa Guatemala, hadi karibuni walimwita mjukuu aliyepewa jina la babu yake *k'ex*, maana yake badala. Na katika lugha kadhaa za Kimaya, *mam* ni babu, na ni mjukuu pia. Wanaitana neno moja.

Mwanangu ana jina la marehemu baba yangu.

Tangu azaliwe Mama hajamwita mjukuu. Anamwita "mume wangu". Bibi wote wa pwani hufanya hivyo, ni utani tuliouzoea, sikuwahi kuusikiliza. Anamtengea kiti kile cha Baba. Akikataa chakula anamwambia, "Umeanza ukaidi wako," na wako ule una miaka 40.

Kwenye pande za jeneza la Pakal wamechongwa wahenga wake, wakiwamo mama yake na baba yake. Wanatokeza ardhini kupitia nyufa, kiuno hadi kichwa, na nyuma ya kila mmoja umeota mti wa matunda. Mama yake ni mkakao. Wengine ni mparachichi, mpera. Bustani nzima ya watu.

Nilipoiona picha ile nilikaa nayo muda mrefu.

Mwembe wa kwetu aliupanda Baba. Mwaka nilipoanza darasa la kwanza, aliuleta mche kwenye kopo la maziwa ya unga. Mtoto mwenye jina lake ameanguka kutoka mti wake, na mkewe amepiga hodi kwenye mizizi na kuliita jina lile.

Jumapili iliyopita nilimpigia simu. Nilianza kwa kumwomba radhi kwa majibu yangu ya siku ile, akasema yameshapita. Kisha nikauliza.

"Mama, ulikuwa unamwita nani?"

Alinyamaza. Nikasikia mfuniko wa sufuria ukiwekwa chini.

"Nilimwita mtoto." Akanyamaza tena. "Lakini baba yako alikuwa mwepesi wa kuitika, unamjua. Nikasema, wakisikia wote wawili, mkubwa atamshika mkono mdogo amlete."

Sikuwa na la kusema. Yeye akaendelea, sauti ile ile anayoulizia bei ya samaki. Maembe yameanza kuiva, ya juu yanaliwa na popo. Mtoto aje wakifunga shule. Apande, asikatazwe, ila safari hii nisimame chini yake.